Pilau Iliyopelekwa Kinindo

Mwaka wangu wa mwisho chuoni, nilipokuwa nasomea siasa na uhusiano wa kimataifa, mpaka wa Gatumba ulifungwa, na mama mkubwa alikuwa mgonjwa upande wa pili, Uvira.

Mama mkubwa ni dada wa pekee wa mama yangu. Mama yao alifariki Uvira wakati mama yangu bado ananyonya, na yule dada, msichana ambaye mwenyewe alikuwa bado wa kucheza na wenzake barabarani, akamfunga mgongoni na ni kama hakumshusha tena. Alimlea kwa uji na kwa ukali. Siku mama alipoolewa na fundi magari wa Buyenzi, watu husema bibi harusi alikuwa anatabasamu, na dada yake ndiye aliyeshikwa mabega asianguke.

Sisi tuliozaliwa Buyenzi tulikua tukidhani Uvira ni mtaa mwingine wa mji wetu, wa mbali kidogo tu. Asubuhi hewa ikiwa safi, ukisimama kando ya ziwa unaiona milima yake imekaa ng'ambo, ya buluu, karibu kiasi cha kuitwa kwa sauti. Mama mkubwa alikuja na mawese na vitenge. Mama akaenda na sabuni na sukari. Mpakani ulisimama, ukaonyesha karatasi yako, ukamwuliza askari habari za watoto, ukapita. Utotoni sikuwahi kumsikia mtu akilitamka neno mpaka kwa woga.

Darasani neno hilo lilikuwa na uzito mwingine. Mhadhiri wetu, mtu mpole aliyefundisha huku ameegemea dirisha, alituambia kwamba dola ni ardhi, watu na serikali, na kwamba mwenye nyumba ndiye anayejua lini afunge mlango. Niliandika. Nilipenda sana masomo yale. Nilipenda maneno yake makubwa, mikataba, ile namna ya kuitazama dunia kutoka juu, kama mtu aliyepanda kilima cha Kiriri jioni na kuuona mji wote umelala chini yake mpaka ziwani, bila kelele na bila harufu. Mtaani waliniita Ambasaderi, yaani balozi. Mafundi wa gereji ya marehemu baba yangu waliacha nyundo zao nikipita.

"Ambasaderi, utatuitia lini kule Ubelgiji?"

"Akiita mafundi, wewe hauko ndani," mwingine alijibu kutoka chini ya gari. "Ataita wanaojua kufunga breki."

Mama alisikia, akacheka, lakini jina lile alilichukua kwa dhati. Kwake, mtoto anayesomea mambo ya nchi na nchi ni mtoto ambaye nchi zitamsikiliza.

Mwaka huo wa mwisho tulitakiwa kufanya staji, yaani mafunzo ya kazi yasiyo na mshahara, ili shahada ikamilike. Niliipata Kinindo, kwenye shirika lililoshughulika na wanawake wanaofanya biashara ndogo ndogo mpakani. Ofisi ilikuwa ndani ya jumba lenye ua mpana na majani yaliyokatwa sawasawa, katika mtaa ambao mchana unasikia ndege tu na malango ya chuma yakifunguliwa. Kazi yangu ilikuwa kukaa mwisho wa meza kwenye mikutano na kuandika yaliyosemwa, bila kutaja majina. Mshiriki mmoja alieleza. Mshiriki mwingine alipendekeza. Na wanawake wa nyanya na ndagala, dagaa wa ziwa letu, walipoitwa kutoa maoni, mimi ndiye niliyewatafsiria, kwa kuwa Kiswahili chao ndicho cha nyumbani kwetu.

Mkuu wetu wa kazi, tuliyemwita shefu, alitoka Afrika Magharibi. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya chini, asiyejua Kiswahili wala Kirundi zaidi ya salamu, na hizo alizitamka kwa bidii hata mlinzi wa lango akawa anazirudia makusudi ili azisikie tena. Siku ya kwanza aliniambia kanuni moja ya ofisi ambayo sikuitilia maanani. Sisi tunazungumza na serikali kuhusu wanawake wote, alisema. Shida ya mtu mmoja hatuishiki. Tukimshika mmoja, wengine watatuuliza kwa nini.

Kisha mapigano ya nchi ya ng'ambo yakasogea upande wa Uvira, na mpaka ukafungwa.

Wiki hizo ofisi ilijaa mikutano. Niliandika kurasa kwa kurasa kuhusu uhuru wa watu kwenda na kurudi. Nikitoka hapo nilitembea hadi nyumbani, kwa sababu mafuta yalikuwa yameadimika mjini na mabasi yalikuwa yamesimama kwenye foleni za vituo kama ng'ombe wanaosubiri maji, na nyumbani nilimkuta mama ameketi na simu sikioni. Mama mkubwa alikuwa na ugonjwa wa moyo. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Binamu yangu, mtoto wake wa kiume aliyebaki naye, alituambia kwamba hospitali ya pale haikuwa tena na daktari wala dawa, na kwamba alitaka kumteremsha kwa boti, kwa kufuata ufuo wa upande wao, hadi mji wa kusini, kwenye hospitali iliyokuwa bado inafanya kazi.

"Apeleke upesi," nilisema.

"Apeleke, ndiyo," alisema mama. "Lakini mi nataka kumuona. Akienda kule kusini, mi sitamufikia tena."

Jumapili alinichukua tukaenda Kajaga, ufuoni mwa ziwa. Alimtafuta mvuvi mmoja ambaye zamani alikuwa mteja wa baba, tukamkuta anashona wavu mchangani. Mama alimweleza kwa upole, kama mtu anayeazima kitu kidogo. Yule mvuvi hakuinua macho.

"Mama, na ziwa nalo wamefunga. Ukipita pale kwenye maji ya kijani, wanapiga risasi. Awaulizi."

"Hata mwanamuke muzee?"

"Risasi ajui kama we ni muzee."

Tulirudi tukifuata mchanga. Upande wa pili milima ilikuwa wazi kabisa siku hiyo, hata mabati ya nyumba yaling'aa.

Jioni ileile mama aliniuliza swali ambalo nilikuwa nimelingoja kwa hofu.

"We si uko unafanya na wakubwa?"

"Mama, mi ni wa staji. Naandika, natafsiri, saa ingine natengeneza kahawa."

"Lakini yule shefu anaongea na serikali."

"Anaongea nayo. Lakini shida ya mutu mumoja awaishiki pale. Ni kanuni."

Alinitazama kwa huruma, kana kwamba nimemwambia mvua hainyeshei nyumba za matajiri. Kisha akaanza kuchagua mchele.

Hapa ni lazima nieleze desturi yetu. Kwetu huendi kwa mkubwa na mikono mitupu, kila mtu anajua, lakini Buyenzi kuna zaidi ya hapo. Ukimpelekea mtu chakula ulichokipika mwenyewe, ukamweleza haja yako chakula kikiwa mbele yake, yeye ndiye anayeamua. Akitaka kukataa, atashukuru, atasema ameshiba, atakufunikia sufuria yako. Hutaaibika, naye hatakuwa amekutukana. Lakini akila, amelipokea neno lako pamoja na wali. Baada ya baba kufariki, mtaa ulitaka kuichukua sehemu ya gereji yake. Mama alipika samaki wa mukeke na wali akaupeleka kwa mkuu wa mtaa. Mkuu yule alifungua, akanusa, akala. Hakusema ndiyo. Hadi leo mafundi wa baba wanafanya kazi palepale.

Niliposikia harufu ya bizari alfajiri, nilijua. Nilimsihi. Nilimwambia ofisi ile haipokei zawadi, mlinzi atamrudisha langoni. Alisema, "Sawa, mwanangu," akaendelea kukaanga vitunguu.

Alitembea na sufuria kichwani kutoka Buyenzi hadi Kinindo, imefungwa kwa kitambaa cheupe, akiwa amevaa mtandio wake wa Idi. Mlinzi hakumrudisha. Baadaye aliniambia, "Nimurudishe namna gani, na yeye amenisalimia kama mama yangu?" Nilikuwa kwenye chumba cha mkutano nilipomwona kupitia dirisha, amesimama kwenye majani yale yaliyokatwa, anasubiri kukaribishwa.

Shefu alitoka mwenyewe kumpokea. Alimketisha barazani, akaketi mbele yake, na mimi katikati. Mama alizungumza polepole. Alieleza kuhusu dada yake aliyembeba mgongoni. Alisema hataki kukaa huko, anataka siku moja tu, aingie, amkumbatie, amkande miguu, atoke. Nilitafsiri kila neno, mpaka lile la miguu.

Shefu aliinamisha kichwa. Alisema anasikitika sana. Alisema ofisi haina uwezo wa kumvusha mtu, hata wao wenyewe wafanyakazi hawavuki, na angemdanganya kama angemwahidi kitu. Nilimtafsiria mama hayo yote kama yalivyo. Sikulainisha.

Mama akasikiliza hadi mwisho. Kisha akafungua kitambaa, akainua kifuniko, na mvuke wa pilau ukapanda kati yetu watatu.

Shefu alinitazama. Nilimwambia kwa Kifaransa, haraka, kwamba anaweza kusema ameshiba, mama hatakasirika.

"Hapana," alisema. "Kwetu chakula cha mama hakirudishwi. Nikikirudisha nitakuwa nimemfukuza."

Akanawa mikono bombani pale uani, akala. Alikula kwa vidole, kwa adabu, akasifu nyama. Nilitaka kumweleza, lakini maelezo yake yalikuwa marefu na kijiko cha pili cha mama kilikuwa tayari kwenye sahani yake. Alikuwa anatimiza heshima ya kwao. Mama naye alikuwa anaona desturi ya kwetu. Nimewahi kusoma vitabu vinene kuhusu mataifa yanayoshindwa kuelewana, na hakuna kilichonitayarisha kwa watu wawili wema wanaotazamana juu ya sufuria.

Njiani kurudi mama alikuwa mwepesi kama msichana.

"Mama, umesikia alichosema? Alisema awezi."

"Nimesikia."

"Sasa?"

"Mukubwa asemi ndiyo mbele ya mutoto wa staji," alisema. "Amekula. Umemuona. Amekula na mikono."

Jioni alimpigia dada yake simu, akamwambia anakuja.

Kutoka siku hiyo mfuko wake ulikaa tayari kando ya mlango, na ndani yake kanga mpya, mafuta ya kukanda na dawa alizonunua kwenye duka la dawa la sokoni. Kila nikirudi kutoka ofisini alinitazama usoni kwanza, kabla ya salamu. Nilimwambia kesho yake, na keshokutwa, na siku zilizofuata, kwamba hakuna kitu kinachokuja. Alisema, "Mambo ya serikali ni polepole."

Kisha binamu yangu akapiga simu, si kwa mama, kwangu. Boti ilikuwa imepatikana. Mama mkubwa amekataa kupanda.

"Anasema mudogo wake iko njiani," alisema binamu. "Anasema nikienda kusini, mudogo wangu atanikuta wapi? Muongeleshe wewe, dada. Mi nimeshindwa."

Akampa simu. Nilisikia pumzi yake kwanza, kama mtu anayepanda ngazi.

"Mama mkubwa," nilisema, "panda boti. Mama aji. Mpaka umefungwa na akuna mutu wa kuufungua. Nakuomba, nenda hospitali."

Akacheka. Ile ndiyo sauti ninayoikumbuka zaidi, kicheko chake kifupi, kilichokatwa na kikohozi.

"Ambasaderi wangu," alisema. "Najua. Kwenye simu ni lazima useme vile. Wako wanasikiliza."

"Apana, mama mkubwa. Nakuambia ukweli."

"Ndiyo, ndiyo. Sema vile vile. Umesoma vizuri."

Huko walikokuwa, simu ilikuwa kitu cha kuogopwa. Watu walizungumza kwa mafumbo, walisema mvua wakimaanisha risasi. Naye alijua mimi nasomea siasa, na kwa watu wetu msomi wa siasa ni mtu asiyesema jambo lilivyo. Nilirudia. Nililia. Alinibembeleza. Nilimwomba mama amwambie mwenyewe asimngoje, na mama, kwa mara ya kwanza, alisitasita na simu mkononi. Alimwambia, "Dada, kama boti iko, panda, tutakutana kule." Lakini alilisema kwa sauti ya mtu anayetumaini kwamba hatatiiwa, na mama mkubwa, aliyemlea, aliijua sauti hiyo kabla mama mwenyewe hajajifunza kusema.

"Nakungoja hapa," akamjibu.

Boti iliondoka na watu wengine.

Alifariki alfajiri moja, baada ya swala. Binamu alituambia alikuwa ameomba kitanda kisogezwe karibu na mlango. Walimzika siku hiyohiyo, kama inavyotakiwa, na sisi tulikuwa Buyenzi tumekaa chini kuizunguka simu iliyowekwa juu ya mto, tunasikiliza watu wakisoma Yasini mahali tunapoweza kupaona kwa macho tukiteremka ziwani. Mtandao ulikatika kabla ya dua. Mama alibaki ameinama, mkono kwenye simu, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Baadaye, wanawake wa jirani walipotoka kuteka maji, aliniita karibu.

"Yule shefu," aliuliza, "alikula akashiba, ao alionja tu?"

Sikujua ni jibu gani lingemuumiza kidogo. Kama alishiba, basi mtu mkubwa alivunja neno. Kama alionja tu, basi mama ndiye aliyeisoma vibaya ishara, na akamfanya dada yake angoje.

"Alikula, mama," nilisema. "Lakini kule kwao akuna desturi kama yetu. Kule wanakula kwa heshima tu."

"Kule wanakula bila kukubali?"

"Ndiyo."

"Basi iko mutu mwema," alisema, na hapo ndipo alipoanza kulia kwa sauti.

Shefu alisikia ofisini kwamba nimefiwa, akaja siku ya hitima. Wanaume walikuwa wamekaa nje, chini ya turubai iliyofungwa kwenye ukuta wa gereji. Aliinua mikono akasoma Fatiha kwa lahaja ya kwao, ngeni kidogo masikioni mwetu lakini bila kosa, na wazee wakamsogezea kiti. Nilikuwa nimemweleza kila kitu siku iliyotangulia. Alinisikiliza ameshika paji la uso, na hakusema lolote la kikazi.

Chakula kilipoletwa, sahani yake alibaki ameishika bila kuigusa. Alinitafuta kwa macho, na macho yalikuwa yanauliza. Kabla sijafika, mama alikuwa ameshatoka ndani, mtandio mweupe kichwani, akasimama mbele yake.

"Mwambie ale," aliniambia. "Mwambie leo sina cha kumuomba."

Nikamtafsiria. Akala, polepole sana, na sikumwona akifuta machozi mpaka sahani ilipokuwa tupu.

Nilimaliza staji yangu. Niliandika ripoti, nikaitetea mbele ya walimu watatu, wakanipongeza kwa uchambuzi. Mmoja aliuliza kama nimejifunza jambo lolote ambalo halimo vitabuni. Nilisema ndiyo, nikashindwa kuendelea, na yule mhadhiri mpole akasema muda umekwisha.

Mpaka ulifunguliwa msimu wa mvua. Habari niliipata Kinindo, nilikokuwa nimerudi kuchukua cheti, kabla haijafika mtaani, na miguu ikanipeleka nyumbani kwa mazoea ya siku zile, mbio, kama vile bado kuna mtu wa kuwahiwa. Mama alikuwa uani, anachambua lengalenga.

"Wamefungua Gatumba," nilisema.

"Vizuri," alisema. "Wamama wa nyanya watapumua."

Aliendelea kukata mashina, majani huku, mashina kule.

"Na we, mama? Kesho naweza kukusindikiza."

Hakuinua kichwa.

"Kuona nani?" aliuliza, na lilikuwa swali kweli, la kujibiwa. Nilitafuta jibu. Binamu alikuwa ameshahamia kusini. Nyumba ilikuwa imefungwa. Makaburini sisi wanawake tusingeingia siku ile ya mazishi hata kama tungekuwepo, na sasa hapakuwa na wa kutuonyesha kaburi. Nilikaa chini karibu naye, nikachukua fungu la majani, nikaanza kuchambua.